Seti ya mkono ya kusafishia damu ya watoto wachanga kupitia tumboni: tathmini baada ya miezi kumi wodini

Seti ninayoitathmini ni ya mipira na plastiki tu, haina skrini wala waya wa umeme, na ukiitandaza mezani utadhani ni dripu mbili zilizounganishwa. Juu kuna bureti, yaani chombo cha kupimia, ya mililita 150 yenye mstari kwa kila mililita, kisha mpira uliozungushwa kama koili kwa ajili ya kupasha maji joto, kiungo chenye njia tatu kinachoelekea kwenye katheta ya mtoto, yaani mpira mwembamba ulioingizwa tumboni mwake, na upande wa pili mpira wa kutolea unaoishia kwenye bureti ya pili na mfuko wa taka. Wodi yetu ya watoto wachanga hapa Tanga imeitumia kwa miezi kumi. Kampuni iliyotuuzia sitaitaja, maana mengine nitakayosema hayatawapendeza.

Kazi yake ni kumsaidia mtoto ambaye figo zimesimama, kwa kutumia utando uliomo ndani ya tumbo lake mwenyewe. Maji yenye chumvi na sukari huingizwa tumboni na kuachwa kwa muda. Sumu na maji ya ziada huvuka utando na kuingia humo, kisha yote hutolewa. Mtu mzima huingiziwa kiasi cha lita mbili kwa mzunguko mmoja. Mtoto wetu wa kwanza kutumia seti hii alikuwa na gramu 1,900, alichelewa kulia alipozaliwa, hakuwa amekojoa kwa siku mbili, na potasiamu ya damu ilikuwa imefika milimoli 7.6 kwa lita, kiwango kinachoweza kusimamisha moyo. Kwa mtoto wa namna hiyo tunaanza na mililita 10 kwa kila kilo, kwa kuwa kidonda cha katheta bado kibichi na ukijaza zaidi maji yatavuja pembeni. Mililita 19 hazifiki vijiko vinne vya chai.

Hapo ndipo bureti inapolipa gharama yake. Zamani tulitundika mfuko wa lita moja kwa dripu ya kawaida na kukadiria kwa jicho, huku mtoto mwenyewe akiwa na damu isiyofika mililita 200 mwilini kote. Muuguzi akiitwa kitanda cha jirani huku gurudumu la dripu halijakazwa, tumbo linaweza kujaa, msuli wa kupumulia ukasukumwa juu, na mtoto akaacha kupumua. Kwenye seti hii unajaza mililita 19, unafunga kibano cha juu, na hata ukisahau cha chini, kitakachoingia ni hizo 19 tu. Wako wanaoisifu kwa mambo mengine, lakini mimi ningeinunua kwa hili peke yake.

Sifa ya pili ni kwamba haifunguliwi ovyo. Mzunguko mmoja kwetu huchukua saa moja, yaani dakika 10 za kuingiza, 35 za kuacha maji yakae na 15 za kutoa, kwa hiyo mizunguko ni 24 kwa siku. Kwa njia ya zamani tulifungua kiungo mara mbili katika kila mzunguko, mara 48 kwa siku, na kila ufunguzi ni mlango wa vijidudu. Sasa tunafungua wakati wa kubadilisha mfuko tu. Bado kila asubuhi tunayainua maji yaliyotoka mbele ya dirisha, na yakiwa na ukungu sampuli inakwenda maabara palepale. Seli nyeupe zikizidi 100 kwa milimita moja ya ujazo, na zaidi ya nusu yake zikiwa neutrofili, zile zinazopigana na bakteria, tunaanza dawa bila kusubiri zaidi.

Sasa kasoro. Mistari ya bureti ya kutolea imechapwa kwa wino unaofutwa na spiriti. Usiku wa tatu nilimkuta mwenzangu akiimulika kwa tochi ya simu, akibishana na nafsi yake kama imeandikwa 17 au 21. Tofauti ya mililita 4 inaonekana si kitu, lakini ikirudiwa mizunguko 24 ni mililita 96, zaidi ya nusu ya damu yote ya mtoto yule. Siku hizi, kabla ya kufungua seti mpya, tunabandika utepe wa plasta ya karatasi kando ya mistari na kuichora upya kwa kalamu ya wino mzito. Kampuni inayouza kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kupima ilipaswa kuliona hili kabla yetu.

Kasoro nyingine inahitaji jicho la karibu. Kipande cha mpira kati ya kiungo cha njia tatu na katheta hubaki na maji machafu kila mara, na mzunguko unaofuata unayarudisha tumboni. Nilikipima kwa bomba la sindano nikapata mililita 4. Kwa mtoto wa kilo nane hilo si jambo. Kwa mtoto anayeingiziwa 19, zaidi ya moja ya tano ya maji yanayoingia yamekwisha kutumika. Koili nayo ililetwa bila chombo cha kuipashia joto, tukatumia beseni la maji ya uvuguvugu lenye kipimajoto, tukiwa waangalifu maji ya beseni yasiguse kiungo chochote. Maji baridi tumboni humpoza mtoto njiti haraka kuliko feni.

Bibi wa yule mtoto, aliyetoka Pangani, ndiye aliyenifundisha namna ya kuieleza seti. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, mjukuu wangu keshavimba hivi, nanyi mnamwongeza maji tena?" Nikamsogeza kwenye bureti mbili na kumwonyesha. "Bibi, yameingia 19, yametoka 23. Hizo nne zilizozidi ni huo uvimbe." Tangu hapo alikuwa akisimama mlangoni na kanga yake begani, haulizi hali ya mtoto, anauliza, "Leo yametoka ngapi?"

Huwa naulizwa kwa nini tusisubiri mashine ya kusafisha damu. Ile ya Italia iitwayo CARPEDIEM, iliyotumika mwaka 2013 kwa mtoto wa chini ya kilo 3, ni kazi ya kusifiwa, kwani seti yake ndogo kabisa ya mipira huchukua mililita zisizofika 30 za damu, wakati mashine ya watu wazima ingeweza kummaliza mtoto kwa kujaza mipira yake tu. Hata hivyo, Marekani iliiruhusu mwaka 2020 kwa watoto wa kilo 2.5 hadi 10, na wetu alikuwa na 1.9. Ile ya Newcastle nchini Uingereza inashuka chini zaidi kwa uzito, lakini zote zinataka katheta kwenye mshipa mkubwa wa damu na umeme usioyumba. Wenzetu wa hospitali ya rufaa ya KCMC kule Moshi wameitumia njia ya tumbo kwa miaka mingi, nami sioni aibu kuwafuata. Isipokuwa mtoto aliyepasuliwa tumbo karibuni au mwenye utumbo unaooza. Huyo hafai kwa seti hii, na apewe rufaa mapema.

Maji hayamo ndani ya kisanduku. Ya kiwandani yakikosekana tunachanganya lita moja ya Ringa, maji ya dripu yenye chumvi, na mililita 30 za dekstrosi, yaani sukari, ya asilimia 50, kwa mikono iliyooshwa na mezani pasipo mtu mwingine, na tunapata sukari ya karibu asilimia 1.5. Kumbukeni kwamba Ringa ina potasiamu yake, kiasi cha milimoli 4 kwa lita, hivyo potasiamu ya mtoto itashuka polepole kuliko mnavyotamani. Sukari ya damu nayo ipimwe mara kwa mara.

Gharama ambayo haimo kwenye ankara ni muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja, mchana na usiku. Wodi isiyoweza kumtenga muuguzi huyo isiinunue.

Mizani ya nepi pia haimo, ingawa bila hiyo hutajua figo zimeamka lini. Ya kwetu ni ya jikoni, tuliinunua Ngamiani, hapa hapa Tanga, kwa kuchangishana. Alfajiri ya siku ya sita nepi ya yule mtoto, ambayo ikiwa kavu ina gramu 18, ilisoma 29, na niliipima mara tatu kabla ya kumwita bibi.