Kuhamishia Windows kwenye SSD: ipi ununue, ipi uiache

Kompyuta inayochukua dakika tatu kuwaka, kisha nyingine mbili kabla kishale hakijaanza kutii, mara nyingi haina ugonjwa wa prosesa. Imekwamishwa na diski. Ndani ya diski ya kizamani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea ambacho lazima kisogee hadi pale faili ilipo. Kila msogeo unakula milisekunde 10 hivi. Windows inapoamka inaomba maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika, na kichwa kile kinazifuata moja baada ya nyingine. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachosogea. Inafika popote kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja.

Faida yote iko hapo. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote nzuri ni hatua kubwa mno. Kutoka SSD nzuri kwenda ile yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi ni hatua ambayo mtu wa kuandika, kuvinjari na kupiga hesabu huenda asiihisi kabisa. Pesa inayobaki iweke kwenye ukubwa wa nafasi.

Kwanza angalia mashine yako inapokea nini

Laptopu na kompyuta za mezani za zamani zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 au 3.5 yenye kebo ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Mpya zina tundu la M.2 kwenye ubao mama, na hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu M.2 ni jina la umbo tu. Ndani ya umbo hilo hilo kuna SSD za SATA na kuna za NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na tundu linalopokea moja si lazima lipokee nyingine.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa ubamba wa M.2 kwa maneno kwamba "M.2 zote ni sawa". Niliuchomeka, nikakaza skrubu, nikawasha: BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, haikuona kitu. Jioni nzima niliamini umekufa. Kumbe ulikuwa wa SATA, na tundu langu lilitaka NVMe peke yake.

Shika ubamba wako kwenye mwanga uangalie meno ya dhahabu. Yakiwa na pengo moja, kwa kawaida ni NVMe. Yakiwa na mapengo mawili, mara nyingi ni SATA. Mara nyingi, si kila mara, kwa hiyo soma lebo, kisha soma mwongozo wa ubao mama. Angalia na urefu: 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, lakini laptopu ndogo nyingine zinapokea 2242 au 2230 tu.

1. NVMe ya daraja la kati, TB 1

Kama mashine yako ina tundu lake, nunua hii bila kusita. Za PCIe 3.0 (PCIe ni njia ambayo data ya NVMe inapita, na namba ni kizazi chake) zinasoma hadi megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde, na za PCIe 4.0 zilizo bora zinafika 7,000 na kupita. Ya 4.0 ukiiweka kwenye tundu la 3.0 inafanya kazi vizuri, ila inashuka mwendo. Tafuta yenye chipu za TLC, zinazoweka biti tatu katika kila seli. WD Blue SN580 inatosha kabisa kwa kazi hii ingawa haina DRAM yake (kumbukumbu ya haraka inayoiambia SSD kila data iko wapi), kwa sababu NVMe za namna hiyo huazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta. Samsung 970 EVO Plus, ambayo ina DRAM yake, bado ni chaguo zuri ukiipata.

Sharti ni moja: mashine iweze kuwaka kutoka kwenye NVMe. Nyingi za kabla ya 2014 haziwezi, hata ukitumia kadi ya kuiunganisha. Zitaiona ukiwa tayari ndani ya Windows, lakini hazitaanzia hapo.

2. SATA ya inchi 2.5 yenye DRAM

Kwa mashine iliyokula chumvi nyingi, hii ndiyo namba moja yako. SATA inaishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na namba hiyo isikuvunje moyo: kwa kuwasha Windows na kufungua programu, tofauti yake na NVMe ni sekunde chache. Samsung 870 EVO na Crucial MX500 ndizo ninazoziamini. Unene ni milimita 7. Laptopu iliyotengenezewa diski ya milimita 9.5 itahitaji fremu ndogo ya kujazia ili isichezecheze.

Watu huuliza kama SSD itachakaa haraka. EVO ya TB 1 ina waranti ya kuandikiwa terabaiti 600. Ukiandika GB 30 kila siku, ni kama terabaiti 11 kwa mwaka. Itakuchukua zaidi ya miaka 50 kufika huko.

3. SATA ya bei nafuu isiyo na DRAM

Crucial BX500, Kingston A400 na ndugu zao. Kwa kompyuta ya mwanafunzi au ya mzazi anayesoma barua pepe, zinafaa na zinaipita mbali diski ya kuzunguka. Zinachoka ukinakili mafaili makubwa kwa mfululizo. Jihadhari zaidi na za QLC, zinazobana biti nne katika kila seli: Samsung 870 QVO ya TB 1, akiba yake ya haraka ikijaa, uandishi unashuka hadi megabaiti 80 hivi kwa sekunde. Hiyo ni ya kuhifadhia picha na video, Windows itafutie nyingine.

4. NVMe ya PCIe 5.0

Inapita megabaiti 10,000 kwa sekunde, inapata moto, inadai kipoozeo. Mhariri wa video nzito ana sababu ya kuinunua. Wewe unayehamisha Windows huna.

5. SSD ya nje ya USB

Nzuri kwa bekapu, lakini si makao ya Windows. Microsoft iliondoa Windows To Go (Windows ya kuwashia kwenye diski ya USB) katika toleo la 2004 la Windows 10.

Zisizo na jina linalojulikana sizipi hata nafasi ya mwisho. Kuna zinazodanganya ukubwa wake: zinaonyesha TB 2, ukijaza sehemu ndogo faili zinaanza kuharibika. Ukishainunua yoyote, ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka kitu chako, na ukinunua iliyotumika, fungua CrystalDiskInfo uone imeandikiwa kiasi gani.

Siku ya kuhama

Nafasi ya GB 500 ndiyo ya chini ninayoishauri, maana SSD inapenda kubaki na asilimia 15 hivi wazi. Laptopu yako ikiwa na nafasi moja tu, nunua pia kebo ya USB kwenda SATA, au kasha la USB la NVMe, la sivyo hutakuwa na njia ya kunakili.

Weka bekapu. Kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski kwa ufunguo) imewashwa, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi, kisha uisitishe. Samsung, Crucial na WD wana programu zao za kunakili kwa wanunuzi wa SSD zao. Clonezilla ni ya bure kwa yeyote, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Lakini Windows yako ikiwa imeshachafuka kwa makosa, usinakili, isakinishe upya. Leseni ya kidijitali ya Windows 10 na 11 imefungamana na ubao mama, haitapotea kwa kubadilisha diski.

Kunakili kukiisha, zima, chomoa diski ya zamani kabisa, ndipo uwashe kwa mara ya kwanza. Ikiwaka, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Ukiona 0 mbele ya NTFS, TRIM, njia ya Windows kuiambia SSD ni data ipi imefutwa, inafanya kazi. Diski ya zamani usiifute kwanza. Iache kabatini wiki mbili, mpaka uwe umefungua kila programu na kila folda unayoitegemea.