Ameluz: jeli nzuri, ila haitaki haraka

Ameluz ya Biofrontera, kampuni ya Ujerumani, ni jeli ya kutibu keratosisi ya jua, yale magamba ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani. Tyubu ni ya gramu 2, na kila gramu ina miligramu 78 za asidi ya aminolevuliniki. Asidi hiyo yenyewe haiui kitu. Seli huiingiza, nyingine kwa milango ileile inayopitisha vipande vya protini, kisha huigeuza kuwa protopofirini IX. Hiyo ndiyo sumu ikimulikwa kwa taa. Seli yenye afya huipachika madini ya chuma ikawa hemu, kiini chenye chuma cha rangi nyekundu ya damu. Seli iliyoharibika mara nyingi ina uhaba wa ferokelatazi, kimeng'enya cha kazi hiyo, basi protopofirini inarundikana.

Kazi ni kuifikisha asidi hadi kwenye seli hizo. Asidi hii hupenda maji, ilhali tabaka la juu la ngozi lina mafuta. Metvix, krimu shindani, ilitatua hilo kwa kubadili asidi yenyewe. Ameluz imeiweka pamoja na vitone vya mafuta vidogo mno. Zilipolinganishwa, wagonjwa waliosafika kabisa walikuwa asilimia 78 kwa Ameluz na 64 kwa Metvix.

Lakini hakuna jeli inayopenya gamba gumu. Likwangue bila kutoa damu, pangusa mafuta kwa spiriti, paka unene wa milimita 1 na uvuke ukingo kwa milimita 5. Iache dakika 10 ikauke, halafu funika kwa bandeji isiyopitisha mwanga, saa 3 kamili. Ukifungua mapema, protopofirini haijatosha na taa itapoteza umeme tu. Baridi nayo huchelewesha vimeng'enya, kwa hiyo feni isielekezwe kwa mgonjwa anaposubiri. Aipate wakati wa taa, maana hapo ngozi inachoma kwelikweli, hasa kwenye paji la uso na kichwani. Maumivu ndiyo doa kubwa la dawa hii.

Futa jeli yote, kisha mulika kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630 hivi, nishati ya jouli 37 kwa sentimita ya mraba. Taa ikikaa mbali kuliko mwongozo wake, dozi inapungua hata kama dakika zimetimia.

Mwenye pofiria (ugonjwa wa kurundikana pofirini mwilini), au mzio wa soya au karanga, asiguse. Wengine wafunike ngozi iliyotibiwa saa 48, na magamba yakibaki baada ya miezi 3, rudia.