Mafunzo ya dharura Ngara: Jumanne ndiyo niliyolipia

Zamu yangu ya usiku wa Jumapili iliisha saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nikanawa uso palepale kwenye kituo chetu cha ambulensi, nikameza chai ya rangi, nikadandia matatu, na saa mbili kamili nilikuwa nimeketi darasani Ngara, hapa Nairobi. Mwalimu aliingia saa tatu na dakika ishirini. Alisingizia msongamano wa Thika Road, kana kwamba sisi wengine tulikuja kwa ndege.

Haya ni mafunzo ya siku tatu ya kujinoa upya kwa wahudumu wa dharura, Sh18,500, chai ya saa nne na chakula cha mchana ndani. Jina la kituo naliacha, maana kuna mawili matatu nitakayosema ambayo hayatawafurahisha. Nililipa mwenyewe. Mwajiri wangu hununua mafuta ya gari. Ya kichwa kila mtu ajinunulie.

Jumatatu ungeweza kulala nyumbani. Siku nzima ni slaidi ukutani: mishipa ya moyo, dawa ambazo gari letu halijawahi kubeba, na picha za helikopta ya uokoaji huko Ulaya. Sisi tunaobeba wagonjwa kwenye vichochoro vya Mukuru tunaonyeshwa helikopta! Kufika saa nane nilikuwa nimelala wima. Kilichoniamsha ni video moja ya mtu ambaye moyo umesimama lakini bado anavuta hewa kwa mikupuo, kama anayekoroma. Hiyo naijua. Soja wa geti hutuambia kila mara, "Huyu yuko sawa, amelala tu, si mnasikia anavyokoroma?" Na dakika zinakwenda.

Sasa Jumanne. Alikuja mwalimu mwingine, mama wa makamo mwenye raba nyeupe na saa kubwa ya kiume, na hata projekta hakuiwasha. Alitutoa nje, akatupandisha ngazi za jengo hadi orofa ya nne. Hapo sakafuni palikuwa na sanamu ya mazoezi, nzima na miguu yake, yenye uzito wa mtu mzima. Lifti hakuna. Gari liko chini. Ninyi ni watatu.

"Hapa ni Pipeline," akasema, yaani ule mtaa wa maghorofa. "Saa tisa usiku, stima imepotea, moyo wa mgonjwa umesimama. Anzeni."

Mimi nikashika kifua. Nikabonyeza kwa kujiamini. Miaka kumi na moja ya kazi si mchezo. Akaniacha dakika moja na nusu hivi, kisha akatoa simu iliyokuwa ikigonga mdundo wa 110 kwa dakika, akaiweka sikioni mwa sanamu. Mikono yangu ilikuwa imeuacha mdundo mbali. Nilikuwa nakaribia 140. Halafu kuna taa ndogo begani mwa sanamu, ya kijani, huwaka kifua kikishuka sentimita 5. Ilikuwa imezima kitambo na sikuiona.

"Unamkimbilia nani, dada?"

Niliona aibu, ila nilijua ilikotoka. Nilisoma 2013. Mwongozo wa Marekani wa kubonyeza kifua tuliokuwa tukifuata wakati huo, ule wa 2010, ulisema angalau mara 100 kwa dakika na angalau sentimita 5. Kwa juu hapakuwa na kikomo. Kikomo kililetwa 2015: usizidi 120, usipite sentimita 6. Ukienda mbio mikono haishuki inavyotakiwa, na kifua hakipati nafasi ya kufumuka ili moyo ujae damu tena. Kadi yangu ya kufuzu somo hili nimeihuisha kila baada ya miaka miwili. Lakini kuhuisha kwenyewe ni nusu siku, watu ishirini, sanamu moja, unabonyeza mara kumi, unapigiwa makofi, unatia sahihi. Namba mpya nilizijua kwa mdomo. Mikono ilibaki 2013.

Tulirudia mara sita. Kubadilishana kila dakika mbili, hata kama anayebonyeza anaapa hajachoka, kwani aliyechoka ndiye wa mwisho kujua. Kijana mmoja kutoka Machakos, mwenye mfuko wa kupulizia hewa, alikuwa anaukamua kama anajaza baiskeli upepo. Mama akamshika kifundo cha mkono, akahesabu naye kwa sauti: mgonjwa akishawekewa mpira wa hewa kooni, ni pumzi moja kila sekunde sita. Sekunde sita ni ndefu ajabu ukiwa umepiga magoti kwenye saruji.

Kisha kushuka. Sisi, kwa haraka zetu, tulimfunga kwenye machela tukatimua mbio. Orofa ya pili akatusimamisha. "Tangu mtoke juu, kuna aliyebonyeza?" Kimya. Akatoa chaki, akachora msalaba kwenye ngazi. "Basi mgonjwa wenu amefia hapa." Mara ya pili tulifanya kazi juu kwanza, palepale alipoanguka, na tuliposhuka tulimlaza kila ngazi zinapokata kona, tukabonyeza, tukashuka tena. Jumatano jioni nikiondoka msalaba ulikuwa bado upo, umekanyagwa nusu.

Hiyo Jumatano ilikuwa nusu kwa nusu. Kuhusu damu walifundisha vizuri: mkanda wa kukaza sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya goti au kiwiko, kaza mpaka damu ikome hata kama jamaa wa bodaboda anakutukania mama, halafu andika saa. Ila mikanda ilikuwa miwili kwa watu kumi na mmoja, na mmoja haushiki tena kwa kutumika. Kuzalisha ndani ya gari kulipewa dakika arobaini, jioni, watu wakitazama saa zao. Mimi nimepokea watoto watatu nyuma ya ambulensi, mmoja tukiwa tumekwama Outer Ring. Kwa mji huu, somo hilo lilistahili asubuhi nzima. Wangelipatia muda wa zile picha za helikopta.

Chakula ni wali na maharagwe. Jumatano kulikuwa na kuku, nasikia. Cheti tuliahidiwa siku hiyohiyo. Changu kilikuja baada ya wiki tano, na jina la ukoo limekosewa herufi.

Nyota nne. Niliuliza kama ningeweza kurudi mwakani nilipie Jumanne peke yake. Dada wa mapokezi akacheka, akasema kila mtu huuliza hivyo, na jibu ni hapana. Kwa hiyo ukitaka kwenda, piga simu kwanza uulize kama mama wa raba nyeupe anafundisha wiki hiyo. Wakikwambia hayupo, subiri awamu nyingine. Vaa suruali na viatu vya kazi, beba maji, na usitoke zamu ya usiku kama mimi.