TAHADHARI: BMW, Mercedes na Audi za "bei ya kutupa" na ubovu unaofichwa kabla hujafika kuliona gari

Ndugu mnaotafuta gari la kifahari la Kijerumani lililotumika, someni hili kabla hamjatoa hata arubuni. Wapo wauzaji na madalali ambao kazi yao ni kununua magari yaliyowashinda wenyewe kuyatunza, kuyapamba siku mbili tatu, kisha kuyatangaza kuwa "limetunzwa, halina tatizo hata moja". Bodi inang'aa, ngozi ya viti imepakwa mafuta, dashibodi haionyeshi taa yoyote. Unachonunua humo ndani ni matengenezo yaliyoahirishwa kwa miaka. Gari lililokuwa ghali likiwa jipya huporomoka bei, lakini vipuri vyake haviporomoki nalo, na fundi hakulipishi kazi kwa kuangalia ulinunua kwa kiasi gani.

Ujanja unaonasa wengi zaidi ni kukupokea injini ikiwa tayari ya moto. Utaambiwa, "Nimeiwasha kidogo nisogeze gari." Usikubali. Injini hizi zina cheni ya taimingi, inayopatanisha mwendo wa pistoni na valvu. Kikaza cheni hiyo hutegemea presha ya oili, na injini ikiwa baridi presha hiyo huchelewa kupanda. Cheni iliyorefuka hugongagonga kwa sekunde chache za mwanzo, kisha hunyamaza. Baada ya hapo unaweza kuendesha siku nzima usiisikie tena. Nenda asubuhi, na kabla ya maongezi marefu fungua boneti ushike bomba la juu la rejeta. Likiwa na joto, ahirisha hadi siku nyingine.

Kwenye BMW za dizeli zenye injini ya N47, hasa za 2007 hadi 2011, cheni ya taimingi iko nyuma, upande wa giaboksi. Tega sikio kwa mkwaruzo wa chuma unaotokea nyuma ya injini, mizunguko ikiwa kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika. Kuifikia ni lazima ishushwe injini au giaboksi, ndiyo maana gharama kubwa ni ya kazi, si ya cheni. Ikikatika, pistoni hugonga valvu na injini imekwisha. Kwenye Mercedes zenye injini za M272 ya silinda 6 na M273 ya silinda 8, zile za mwanzo hadi karibu 2006, tatizo ni gia inayozungushwa na cheni: meno yake huliwa, kamshafti (shafti zinazofungua valvu) zikachelewa, taa ya injini ikawaka kwa misimbo ya hitilafu kama P0016. Muuzaji huifuta taa hiyo, nayo hurudi ukiwa umeshalipa. Kwenye M272 gia hiyo iko kwenye shafti ya mizani, kwa hiyo dawa ni kubadilisha shafti hiyo, na injini lazima itoke. Ukipewa bei ndogo ya "kurekebisha sensa tu", jua hakuna kilichorekebishwa.

Audi za petroli zenye injini ya lita 2.0 ya EA888 kizazi cha pili, za karibu 2009 hadi 2011, zinakula oili. Matundu ya kurudisha oili kwenye ringi za pistoni ni madogo, yakiziba kwa kaboni oili hupanda na kuungua. Muuzaji huijaza hadi alama ya juu asubuhi ya siku unayokuja, kwa hiyo kipimo hakikwambii kitu siku hiyo. Angalia buti kama kuna dumu la oili, angalia ndani ya bomba la moshi kama kuna masizi mabichi yenye mafuta. Kisha fanya jaribio hili, ambalo pia hufichua sili za valvu zilizokakamaa kwenye BMW za V8 aina ya N63, ambazo turbo zake (pampu za kusukuma hewa ndani ya injini) zimewekwa katikati ya injini na joto lake huzikausha sili hizo: acha injini ya moto iungurume yenyewe gari likiwa limesimama dakika 10 bila kugusa pedali ya mafuta, halafu kanyaga mara moja huku mwenzako amesimama nyuma. Wingu la bluu ni jibu.

Taa za dashibodi ni eneo lingine la udanganyifu. Kufuta misimbo huchukua dakika moja kwa kifaa kidogo ambacho mtu yeyote anaweza kukimiliki. Lakini kompyuta ya injini hutunza kitu ambacho wauzaji wengi hawakijui: umbali uliotembewa tangu misimbo ifutwe, na kama mifumo ya kujipima imemaliza kazi yake. Muuzaji akidai gari linatembea kila siku, halafu mashine ya kusoma misimbo ikaonyesha kilomita 8 tangu misimbo ifutwe na vipimo vingi "havijakamilika", amefuta asubuhi hiyo hiyo. Omba wiki moja, upime tena. Na mashine iwe ya kusoma moduli zote, si injini peke yake. Giaboksi, breki, mifuko ya hewa na sasapensheni kila moja ina kompyuta yake.

Kilomita zikirudishwa nyuma, wengi hubadilisha namba ya dashibodi pekee. Magari haya huiandika namba hiyo kwenye moduli zaidi ya moja, na kwenye BMW nyingi hata ufunguo huibeba. Fundi mwenye mashine sahihi atazilinganisha kwa dakika chache. Bila mashine, angalia raba ya pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na usukani mahali mikono inapokaa. Gari la kilomita 80,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Kitabu cha sevisi chenye mihuri yote ya wino mmoja na mwandiko mmoja kwa miaka kumi hakifai kuaminiwa.

Sasa sasapensheni ya hewa, kwa sababu hapa watu wanaumia sana. Badala ya springi, gari hubebwa na baluni za raba zinazojazwa hewa na kompresa. Baluni hupasuka nyufa ndogo kwenye mikunjo, hewa ikavuja polepole. Kompresa hulazimika kufanya kazi muda mrefu kuliko ilivyotengenezwa, hupata joto, huchakaa, mwishowe huungua. Muuzaji mjanja huweka kompresa ya bei rahisi bila kugusa baluni, gari likasimama vizuri kwa wiki chache. Wengine hung'oa mfumo wote, wakafunga springi za chuma na kuizima taa kwa programu. Dawa ni futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, andika namba nne, gari lilale bila kuwashwa, upime asubuhi. Kona iliyoshuka sentimita mbili au zaidi inavuja. Halafu puliza maji ya sabuni kwenye baluni na viungio vya mabomba, utaona mapovu. Muuzaji akikataa gari lilale, amekujibu.

Giaboksi: utaambiwa "oili yake haibadilishwi maisha". Si kweli. ZF, watengenezaji wa giaboksi za otomatiki za BMW na Audi nyingi, wenyewe hupendekeza oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au miaka 8. Kwenye nyingi za gia sita, filta imo ndani ya karita (sufuria ya oili) ya plastiki, kwa hiyo karita nzima hubadilishwa. Endesha dakika 40, mjini na barabara ya kasi, hadi giaboksi ipate joto hasa. Kisha simama, toka R kwenda D. Ikichelewa kushika, au ikigonga, au gari likitetemeka kidogo unapoongeza mafuta taratibu kwenye gia ya juu, usiamini maneno ya "ni oili tu".

Upande wa maji ya kupoza injini, fungua tangi lake (injini ikiwa baridi!) uangalie rangi. Maji matupu au ya kutu mara nyingi yanamaanisha kuna mahali panavuja na aliyekuwa nalo alikuwa anajaza tu. Kwenye BMW za silinda 6 zenye pampu ya maji ya umeme, uliza ilibadilishwa lini. Hufa bila kupiga kelele, na hubadilishwa pamoja na thermostati kwa boliti mpya za aluminiamu, kwani za zamani hazirudiwi.

Hili la usalama lisomwe mara mbili. Gari lililogongwa linaweza kuwa halina mifuko ya hewa kabisa. Mahali pake panawekwa kizuizi kidogo cha umeme ili kompyuta isilalamike, au taa yake inaunganishwa na taa nyingine. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mfuko wa hewa lazima iwake yenyewe, na izimike yenyewe, si sambamba na taa ya oili. Na kwenye Mercedes E ya bodi W211 kabla ya mabadiliko ya 2006, pampu ya breki za SBC (breki zinazosimamiwa kwa umeme) huhesabu mikanyago hadi ukomo wake, kisha hudai kubadilishwa. Wapo wanaorudisha hesabu hiyo sifuri badala ya kubadilisha pampu. Dai risiti ya pampu yenyewe.

Kabla ya kukubaliana bei, chukua namba ya chesisi uulizie gharama za vipuri halisi pamoja na kazi: seti ya cheni, baluni mbili za mbele na kompresa, sevisi ya giaboksi, pampu ya maji na thermostati. Jumlisha. Ikifika nusu ya bei ya gari, hiyo si nafuu hata kidogo. Na mwenye kukuharakisha kwamba "kuna mtu anakuja na pesa jioni", kukataza fundi wako, au kutaka arubuni isiyorudishwa kabla gari halijapandishwa juu likaguliwe chini, mwache amuuzie huyo wa jioni. Kama lazima utoe arubuni, iandikwe kwamba itarudishwa yote ukaguzi ukionyesha hitilafu ambayo hakuitaja, na jina lililo kwenye karatasi hiyo liwe lile lile lililo kwenye kadi ya gari.