Uzoefu wangu na sapoti ya kiwiko, miezi saba na mkono usiojulikana unaumwa nini

Naanza na hili asije mtu akasema nampigia mtu debe. Sapoti nilinunua kwa hela yangu, 32,000 na nauli ya basi 5,000 juu yake, na muuzaji simtaji maana tulikwaruzana kidogo, nitaeleza huko mbele. Kama una haraka jibu ni hili: usiku inafaa sana, mchana nusu nusu, na ukiivaa vibaya inakuongezea ugonjwa. Wenye nafasi tuendelee.

Mi fundi cherehani, niko Kigoma mjini pande za Mwanga, nashona vitenge zaidi, na sare za shule ikifika Januari. Mkono wa kulia ulianzia kidole cha mwisho. Nilikuwa nakunja pindo la gauni nikaona kile kidole hakisikii kitambaa, nakigusa na kiganja kingine ni kama nagusa kidole cha mtu mwingine, nikajua nimekikalia nikakikung'uta nikaendelea na kazi. Baada ya wiki mbili kikamchukua na jirani yake, kile cha pete, tena nusu yake tu, upande ulioangalia kidole kidogo, ule mwingine mzima kabisa! Usiku ndo ikaja shughuli yenyewe. Naamka saa nane mkono unawaka kuanzia kiwikoni, moto unashuka kama mtu kamimina maji ya chai, alafu unachonyota kama kidonda kimepata chumvi, alafu unakufa ganzi, alafu ukijinyoosha unapita umeme mmoja fyaa mpaka ukuchani. Nakaa kitandani naupepea mkono kama kuku aliyekatwa bawa. Mzee wangu alikuwa anaamka ananiuliza vipi, siku hizi anajigeuza tu upande wa pili.

Shida ya kwanza ya ugonjwa huu ni kuuelezea. Ukisema mshipa unauma, Kiswahili chetu mshipa ni kila kitu, wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, hata tumbo likivuta ni mshipa. Kila niliyemwambia alichukua mshipa wake. Bi mkubwa akachukua wa kukanda, akapasha mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, akanikanda siku tatu mpaka nikanukia kama sabuni ya magadi. Raha ilikuwepo, sikatai, ila akifika kwenye kiwiko kwa ndani napiga kelele. Jirani akachukua mshipa wa kurogwa, ati nimeshonea mtu nguo akatupia kitu kwenye kitambaa. Duka la dawa wakachukua mshipa wa vidonge, diklofenaki ya maumivu siku tano, nikapata kiungulia na mkono uko vile vile, nikirudi wakanipa zile vitamini za neva, yani za mishipa ya fahamu, nikazila miezi miwili mfululizo bila kuuliza. Baadaye ndo daktari akanikataza akasema hiyo vitamini B6 iliyomo ndani ukiila kwa wingi muda mrefu yenyewe inaharibu neva. Yani nalipia dawa ya ganzi inayoleta ganzi, aisee.

Hospitali nimeenda mara tatu. Ya kwanza nilikaa foleni kuanzia asubuhi, nikaingia dakika tatu, nikatoka na diklofenaki nyingine. Ya pili wakapima sukari, maana sukari ikikaa mwilini muda mrefu inakula neva, yangu ikawa sawa, wakapiga eksirei ya shingo wakasema pingili zimechakaa kidogo, ila kwa umri wangu na kazi ya kuinama wanategemea hivyo, haina maana ndo hiyo. Ya tatu nikakutana na daktari mmoja kijana, huyo alinishika mkono kweli. Nikamsalimia akaanza kunigonga kwa ncha ya kidole nyuma ya kiwiko, kwenye kile kibonde upande wa ndani, pale ambapo ukijigonga kwenye kona ya meza unaona nyota. Umeme ukapita mpaka kidole cha mwisho. Akagonga na kwenye kifundo cha mkono, ukapita tena ila kidogo. Akanishikisha karatasi kwa kidole gumba na cha shahada, mkono huu na huu, akawa anavuta, anaangalia kama gumba litajikunja kung'ang'ania. Halikujikunja. Akasema hapo tushukuru, maana yake nguvu bado ipo.

Alafu akanipa kalamu akasema mama, hebu chora mwenyewe ganzi inaishia wapi. Nikachora kwenye ngozi. Akaangalia mstari wangu akakuna kichwa. Akanieleza hivi, neva inayopita nyuma ya kiwiko ganzi yake inatakiwa iishie kwenye kifundo cha mkono hapo, isipande. Ikipanda mpaka nusu ya kigasha, hapa kati ya kifundo na kiwiko, kwa ndani, ufikirie na shingo, kwa sababu mzizi unaotoka chini ya shingo nao unaleta ganzi kwenye kidole hicho hicho. Mstari wangu ulikuwa umepita kifundo kama vidole vinne, na kuna siku haupiti kabisa. Kwa hiyo inaweza kuwa kiwiko, inaweza kuwa shingo, inaweza kuwa vyote viwili. Cha kumaliza ubishi ni kipimo cha kupitisha umeme kwenye neva, wanaangalia inakimbia spidi gani na inapunguzia mwendo wapi. Akaniambia hicho nikafanyie Dar. Sisi Kigoma ni mwisho wa reli, Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, bima sina, na nikiondoka wiki mbili wateja wanahamia kibanda cha pili. Hela naichanga. Kwenye karatasi yangu aliandika alama ya kuuliza, nimeiona kwa macho yangu, na mpaka leo huo ndo ugonjwa wangu kihospitali.

Sasa sapoti. Niliiona kwenye simu usiku huo huo wa kutolala, duka moja la Kariakoo, picha ya mkono mweupe umevaa kitu cheusi kama soksi nene isiyo na mguu, kwa nyuma kina sponji, na mikanda miwili ya kubandika, ile ukibandua inalia krrra. Wakauliza saizi. Na hapa jamani mnicheke, mimi fundi, futi iko shingoni saa ishirini na nne, sikujipima. Nikasema niletee M. Wateja wangu wakiniambia nishonee tu fundi wewe unanijua huwa nawafokea.

Ikaja siku ya nne kwa basi. Ikabana. Nikajua ndo inavyotakiwa, si sapoti? Nikaivuta na mikanda nikakaza nikaenda nayo kazini. Mpaka saa sita mchana vidole viwili vimekufa kabisa, cha tatu nacho kinaanza, kiganja kimevimba, nikaivua kwenye ngozi kuna mfereji. Siku mbili zilizofuata maumivu yalikuwa makubwa kuliko kabla ya kununua. Ndo nikachukua futi nikajipima, kiwiko changu kinazunguka inchi 11 na nusu, nikasoma karatasi ya kwenye boksi, M inaishia inchi 10. Nikamwandikia muuzaji nibadilishiwe. Akajibu bidhaa ikishatoka haibadilishwi, nikamwambia basi mngeuliza inchi badala ya kuuliza M, akaona meseji akanyamaza, kesho yake naona kaniblock. Kosa la kutojipima ni langu, ila kunyamaziwa kuliniuma nusu ya ule mkono. Nikafumua mshono wa ubavuni nikatia kipande cha lastiki inchi mbili. Hiyo ni faida ya ufundi, wewe usiye fundi utabaki na soksi ya 37,000.

Aliyeniokoa ni mtu wa mazoezi ya viungo, daktari alinipa karatasi nikamuone. Nikaenda nimeivaa kwa maringo. Akauliza umevaa ya nini? Nikasema ya mkono. Akacheka akasema ile neva kwenye kiwiko haina nyama ya kuifunika, imelala juu ya mfupa kama waya uliopita juu ya ukuta, sasa wewe unaukandamiza na soksi. Alafu ukikunja kiwiko inavutika, na kile kinjia chake kinakuwa chembamba zaidi. Akaniuliza nalalaje. Nalala nimekunja mkono chini ya shavu, tangu mtoto. Akasema saa sita, saba kila usiku neva imekunjwa, hata kama mzizi wa tatizo ni shingo hapo kiwikoni unaichokoza mara ya pili.

Akafungua ile mikanda akaizungusha sapoti, sponji ikaja mbele, kwenye mkunjo, kule tunakochomwa sindano ya kutoa damu. Akasema haya kunja. Haikunjiki! Inaenda robo inagoma. Hiyo ndo ya usiku, legeza mikanda kiasi kidole kiingie, ulale. Mchana irudishe sponji nyuma, na kazi yake hapo ni mto tu wa kiwiko kisigonge meza, haishiki kitu, usiikaze. Alafu akaniambia maneno yaliyonikata, kwamba yeye angenianzishia na taulo tu. Unachukua taulo la kuogea, unalikunja kwa urefu, unalizungushia kiwiko mkono umenyooka kidogo, unafunga na kitambaa bila kubana. Bure. Nilijaribu yote mawili ili niandike kwa haki. Taulo linafanya kazi sawa na sapoti, ila likifika saa tisa limeshafunguka liko miguuni, na Kigoma hii joto lake na taulo la mkononi unaamka umelowa. Sapoti haifunguki. Tofauti ni hiyo, mpime wenyewe kama ina thamani ya elfu thelathini.

Usiku wa kwanza niliilaani, mkono ulionyooka hauna pa kukaa kitandani, unamgonga mzee. Wa tatu nikaamka saa kumi na moja na adhana. Nikakaa nashangaa, nikamuamsha mzee nikamwambia nimelala, akasema si ndo usiku, lala. Siku hizi kwa wiki nzima naamka labda mara mbili, kabla ilikuwa kila siku na tena mara tatu kwa usiku mmoja. Daktari aliponiuliza maumivu ni ngapi kwa kumi nilimwambia usiku nane imekuwa nne. Mchana ilikuwa tano imebaki tano, maana meza ya cherehani ni ile ile na shingo ni ile ile.

Mabaya yake mengine. Inatoka jasho, ngozi yangu ilitoa vipele wiki ya kwanza, nikaanza kuvaa kipande cha fulana ya pamba ndani. Kipindi cha mvua ukiifua haikauki siku mbili na inatoa harufu ya samaki, na harufu ya samaki Kigoma tunaijua. Alafu kile cha kubandika krrra kwenye kibanda cha fundi ni balaa, kinavuta kila uzi ulioanguka, kila nyuzi ya ovaloki, mwezi wa pili kimejaa manyoya kama paka hakishiki tena, nakaa na pini natoa uzi mmoja mmoja wakati mteja anasubiri. Hilo kwenye tangazo hutaliona.

Nilipewa na dawa, amitriptilini ya usiku, nusu kidonge. Nesi aliponiambia ni dawa ya watu wenye sonona nilitaka kumrudishia, nikajua wameniona kichaa, kumbe kwa kiwango kidogo wanaitumia kutuliza neva. Mdomo unakauka kama umekula muhogo mbichi, asubuhi unakuwa mzito, nilikata shingo ya gauni la mteja vibaya siku moja. Inasaidia kidogo, ila hiyo si ya kujinunulia, kamuone daktari.

Na daktari alinipa vitu vya kukimbilia nao hospitali bila kungoja kuchanga hela, navipitisha kwenu: nikianza kudondosha vitu, nyama ya katikati ya gumba na kidole cha shahada ikibonyea, vidole vikianza kujikunja vyenyewe, au miguu nayo ikilegea. Kila Ijumaa najiangalia pale katikati ya gumba, nalinganisha na wa kushoto. Hicho kipande cha nyama sikuwahi kujua ninacho.

Watu wananiuliza sa unaumwa nini. Zamani nilikuwa naeleza, siku hizi nasema mkono, basi. Mteja mmoja akaona sapoti akanihurumia akasema pole umevunjika, akaniongezea elfu mbili, nikapokea nikanyamaza.

Nyota nampa tatu. Mbili za usiku, moja ya sponji, za mchana na za muuzaji hakuna. Ukiagiza zungusha futi pale kiwikoni mkono ukiwa umekunja kidogo, ongeza inchi moja, umtumie hiyo namba na umwambie hutaki M wala L.

Mwenyewe nimeshaacha hiyo ya dukani kwa usiku. Nilikata sponji ya godoro la zamani, nikaizungushia kitambaa cha fulana ndani na jinzi nje, nikaweka kamba za kufunga badala ya krrra, haikamati nyuzi na inafulika. Fundi wa kibanda cha pili, yule anayengoja niende Dar achukue wateja, juzi kaja taratibu ananionyesha kidole chake cha mwisho. Ameomba patani. Nimemwambia alete sponji, na kwanza anyooshe mkono nimpime.