Kromosomu moja au jozi? Mfano wa chukudu ya Goma

Chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, inashuka kutoka Kibati hadi Goma, mashariki mwa Kongo, na makaa, viazi, kabichi. Barabara ikiwa kavu inabeba mzigo mkubwa. Mvua ikinyesha, lazima upunguze. Upakie nini ili upate faida zaidi? Algorithimu za kijeni, yaani programu zinazozalisha majawabu kizazi baada ya kizazi na kubakiza yaliyo bora, alizozieleza mtafiti John Holland katika kitabu chake cha 1975, zinafaa sana hapa.

Kwa kawaida kila jawabu lina kromosomu moja, yaani mfuatano mmoja wa 1 na 0. Penye gunia la viazi, 1 ni pakia, 0 ni acha. Ni nyepesi kuandika na haili kumbukumbu. Kama kikomo cha uzito hakibadiliki, tumia hiyo.

Taabu ni mvua. Baada ya vizazi vingi vya ukavu majawabu yote yamefanana, yale ya mzigo mdogo yamefutika, na programu inatafuta kana kwamba ndiyo inaanza.

Katika mfumo wa diploidi, yaani wa jozi, kila jawabu lina kromosomu mbili. Moja ikisema 1 na nyingine 0, kanuni ya utawala huamua ipi ishinde. Tuseme 1 imeshinda: viazi vinapanda chukudu, lakini ile 0 haijafa. Imejificha, haipimwi, inarithiwa. Mimi hapo ndipo napapenda! Mwaka 1987 watafiti David Goldberg na Robert Smith waliijaribu kwa tatizo la mkoba, yaani kuchagua vitu vya kupakia bila kuzidi uzito, wenye kikomo kinachopanda na kushuka, na diploidi ikayafuata mabadiliko vizuri zaidi. Ila utawala wenyewe uachwe ubadilike pia. 1 ikitawala daima, 0 itaonekana pale tu inapokuwa kwenye kromosomu zote mbili, na mvua haingoji.