Kengele ya gesi kutoka Kariakoo, kwa sisi tusiosikia harufu

Mwaka jana nilianguka na bodaboda Mbagala, kisogo kikapiga lami. Kidonda kilipona, kizunguzungu kikaisha, harufu haikurudi. Daktari wa masikio, pua na koo alinieleza kwamba nyuzi za neva ya harufu ni nyembamba mno na zinapita kwenye vitundu vya mfupa ulio juu ya pua. Ubongo ukitikisika kwa nguvu, zinakatikia pale pale. Asubuhi na jioni nanusa karafuu, mawaridi, limau na mkaratusi kama alivyoniagiza. Huu ni mwezi wa 14, bado.

Mimi ni mama lishe. Maziwa yakichacha sijui, wali ukishika chini sijui mpaka mwanangu aniambie, "Mama, unaungua." Hayo nilikuwa nimeanza kuyazoea. Kisha usiku mmoja, saa tano, jirani akagonga: mbona kwako kunanuka gesi? Mpira ulikuwa umelegea kwenye regulata, na mimi nimekaa hatua tatu kutoka hapo, nachambua mchele wa kesho. Gesi yenyewe haina harufu, huwa inatiwa dawa inayonuka ili watu washtuke. Kwangu mimi dawa hiyo haifanyi kazi. Tangu siku hiyo nikawa naamka mara tatu kwa usiku kwenda kuushika mtungi kama umefungwa.

Kengele nimeinunua shilingi 48,000, nina nayo mwezi wa tano. Ni kadude keupe ka kuchomeka kwenye soketi. Fundi alitaka kuiweka juu karibu na dari, nikakataa. Karatasi yake inasema sentimita 30 kutoka sakafuni, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Tafadhali mlizingatie hilo. Kuijaribu, nilisogeza kiberiti cha gesi nikakibonyeza bila kukiwasha. Sekunde chache tu, taa nyekundu na mlio wa kuamsha nyumba nzima.

Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: haina betri. Umeme ukikatika, nayo imezimika. Ukipata yenye betri, hata kama imezidi bei, chukua hiyo. Na mtungi ufunge kila ukimaliza kupika, kengele au hakuna kengele. Karatasi inasema pia ibadilishwe baada ya miaka 5.

Lakini nalala. Usiku kucha nalala.

Inalia pia kwa marashi ya kupuliza. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuwa anajiandaa kwenda harusini, akajipulizia mlangoni mwa jikoni, kengele ikapiga kelele. Akaanza kuniomba radhi, anapunga kanga kutawanya hewa. Nikamshika mkono, nikamwambia, hebu pulizia tena.